Fungu la Mpishi

Juzi mjukuu wangu alitaka kulitupa bakuli langu. Ni bakuli la bati, jeupe, mdomo wake wa buluu, na rangi imebanduka hapa na pale hata chuma cheusi kinaonekana. Alilishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini ulimi wake mzito, kwamba mkaguzi wa majiko akiliona hili tumekwisha. Nikamwambia, "Lirudishe lilipokuwa." Akaanza kunieleza habari za vijidudu. Nikamwambia mara ya pili, na mimi mara ya tatu huwa sisemi. Akalirudisha.

Mtoto huyu kasoma. Shahada yake ya biashara imetundikwa sebuleni kwangu, Harrow, hapa London, katika nyumba niliyoinunua mimi kwa pilau. Nasema bila ya kujificha. Mimi niliyeacha skuli kabla sijajua kuandika barua, niliyefika mji huu nikaanza kwa kufua mashuka ya hospitali, leo nina jiko langu na gari za kupelekea chakula, na hakuna harusi ya watu wa kwetu, kutoka Southall mpaka Lewisham, inayopangwa tarehe kabla ya kuuliza kama mimi nina nafasi. Hakuna aliyenipa. Lakini yuko aliyenifunza, na huyo ndiye mwenye bakuli.

Babu yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Nyinyi wa rika langu mnajua maana yake, lakini nitasema kwa ajili ya wanaokuja nyuma. Kwetu Pemba siku zile mtu mwenye harusi au hitima hakukodi mpishi. Alimsubiri Babu nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akamwambia, "Mzee, nina jambo langu wiki ijayo." Babu alimuuliza mawili tu: watu wangapi, na kuni zimekauka? Akijibiwa, alisema, "Basi nitakuja." Hapakuwa na neno jingine.

Siku zake nyingine alikuwa mtu wa jembe, akilima muhogo, na msimu wa karafuu akipanda mikarafuu ya wenyewe kuchuma. Kupika hakukuwa kazi. Alikuwa akisema kulisha watu ni ibada, na ibada haina bei. Alfajiri aliswali palepale penye mafiga, juu ya kipande cha mkeka, kisha akasema bismillahi na kutia moto. Nikifumba macho hivi sasa naisikia harufu yake aliporudi nyumbani: moshi wa kuni, uzile, ile bizari ya pilau, samli, na jasho la mtu mzima aliyesimama mbele ya moto tangu asubuhi. Mpaka leo nikikaanga uzile katika jiko langu nageuka kuangalia nani kaingia.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na tabu yangu. Babu alirudi ananuka pilau, na mikono mitupu. Sisi nyumbani tulikula muhogo. Muhogo wa kuchemsha, muhogo wa nazi, muhogo na dagaa siku ya neema. Mimi nililelewa na yeye na Bibi. Mama yangu alikwishafariki na baba yangu alikwenda Mombasa kutafuta maisha, akayapata hukohuko. Bibi alikuwa hawezi miguu. Babu ndiye aliyemchotea maji, akamchemshia, akamkalisha kwenye kibao cha kuogea na kumsubiri nje ya ua akimtilia maneno ya kumchekesha. Kisha ndiyo ahangaike na ya watu.

"Mume wangu, leo umetuletea nini?" Bibi alimuuliza kila alipotoka kwenye shughuli.

"Nimekuleteeni harufu," alijibu Babu, na kumpa kofia yake.

Bibi aliinusa kwa makini, kisha akanipa mimi. "Haya, mke mwenzangu, nusa nawe. Ndiyo karamu yetu hiyo."

Alikuwa akiniita mke mwenzake, na Babu akiniita mke mdogo, kama mababu wote na wajukuu wao wa kike. Bibi alicheka. Mimi sikucheka. Mimi nilitaka nyama.

Tena mimi nilijua kitu ambacho nilidhani Bibi hakijui. Kila shughuli, sufuria la kwanza lilipofunuliwa, kabla halijapakuliwa hata sinia moja, Babu alijaza bakuli hili la mdomo wa buluu, pilau na nyama nzuri juu yake, akalifunika kawa na kuniita pembeni. "Mke mdogo, shika. Pita mlango wa uani, fuata migombani. Piga hodi mara moja, weka, ondoka. Na usiseme."

Nilikuwa nalipeleka kwa Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mwanamke mtu mzima, mjane, hana mtoto, akikaa nyumba ya udongo nyuma ya migomba. Kaka yake wa baba mmoja mama mmoja alikuwa Bwana Nassor, mwenye duka kubwa na lori la karafuu, na mji mzima ulijua kwamba watu hao wawili walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipokufa na kuacha mashamba. Mashamba alikuwa nayo Bwana Nassor. Bi Rukia alikuwa na kuku mmoja.

Siku ya pili yake nilitumwa kulifuata bakuli, likarudi limeoshwa linang'aa, na ndani yake mna kitu. Mara ndimu tatu. Mara chumvi ndani ya jani. Mara yai. Babu alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie ahsante sana," utadhani kaletewa ng'ombe.

Nikayapanga mambo hayo kichwani mwangu, maana akili ya kupanga mambo Mungu alinipa, skuli au si skuli. Chakula kinatoka kwa siri. Kinapita mlango wa uani. Naambiwa nisiseme. Kesho yake vinakuja vitu. Na kinamama waliokuwa wakimenya vitunguu thomu kwenye shughuli niliwasikia wakisema, "Mpishi asiyeiba hajazaliwa," wakacheka. Nikapata jibu langu. Babu alikuwa anaiba pilau na kuiuza.

Niseme kweli: wizi haukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni bei. Bakuli zima la pilau yenye nyama kwa ndimu tatu. Siku moja likarudi na asumini ndani yake. Maua. Babu akalinusa, akampelekea Bibi atie kwenye nywele, wakafurahi wote wawili kama maharusi. Mimi nikakaa kizingitini nikawaza: babu yangu mwizi, tena mwizi mjinga.

Kwa hivyo shughuli iliyofuata nikaamua kumsaidia. Nilipofika kwa Bi Rukia sikupiga hodi na kuondoka. Nilisimama na bakuli langu. Nikasema, "Babu kasema leo anataka mayai mawili."

Bi Rukia alinitazama kutoka utosini mpaka miguuni. "Kasema babu yako, au umesema wewe?"

Nikafikiri kidogo. "Mimi."

"Basi kamwambie huyo aliyesema kwamba kuku wangu ni mmoja, na leo hajataga."

Nikaweka bakuli. Wakati naliweka nikaona mafiga yake. Yalikuwa meupe, jivu limepoa la siku nyingi, hata mdudu kajenga baina ya jiwe na jiwe. Nikashangaa, mnunuzi gani huyu. Lakini nilikuwa mtoto, nikasahau njiani.

Ikaja harusi ya binti yake Bwana Nassor. Sufuria hazikuwahi kupangwa nyingi namna ile. Babu alipika tangu alfajiri, akapalia makaa juu ya vifuniko, na harufu ikatoka ikaenda mpaka barabarani. Sufuria la kwanza likafunuliwa. Bakuli likajazwa, likafunikwa, nikaitwa. Nikaenda zangu mlango wa uani, na mlangoni kasimama Bwana Nassor mwenyewe, kanzu mpya, anapunga upepo.

"Nini hicho?"

"Bakuli."

"Naona ni bakuli. Ndani yake?"

"Pilau."

"Yaenda wapi?"

Nikalikumbatia bakuli. Akalifunua kawa. Waliokuwa karibu wakageuka, na walio mbali wakasogea. Bwana Nassor akaita, "Mzee wangu, hebu njoo."

Babu akaja na mwiko wake mkononi, mrefu kama kafi la ngalawa. "Hilo ni fungu langu, Bwana Nassor."

"Fungu la mpishi huenda kwa mpishi. Nyumba yako iko upande wa barabarani. Huyu mtoto ashika njia ya migombani. Unamuuzia nani?"

"Fungu likishakuwa langu halina suala tena."

"Kwenye shughuli yangu mimi nauliza nitakalo. Nani?"

Babu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na mimi nikaona macho yake yananiomba kitu, sikujua nini. Kisha akasema, "Sisemi."

"Basi wanaosema wapishi ni wezi hawakukosea," akasema Bwana Nassor. Akaimwaga pilau ndani ya sinia lililokuwa karibu, akalitupa bakuli chini, kwenye sakafu ya uani. Hapa penye mdomo, palipobanduka pakubwa, ndipo lilipoangukia. Ndiyo maana mtoto wa vijidudu nilimwambia alirudishe.

Babu aliinama akaliokota. Akarudi kwenye moto wake. Watu wote wakala wakashiba, mpaka wa mwisho, wala hakuna aliyepata punje mbichi. Babu akanawa, akaswali alasiri, akanishika mkono tukaondoka.

Njiani nililia. "Babu," nikamwambia, "kesho mwambie ulikuwa hujui. Mwambie nimeiba mimi. Mimi mtoto, hawatanifanya kitu."

Babu akasimama. "Nani kaiba?"

"Sisi."

Alicheka mpaka akatafuta gogo la mnazi akakaa. Alikuwa ametoka kutukanwa mbele ya mji mzima, na alicheka mpaka machozi. Kisha akanieleza, na ndiyo siku niliyojua. Kwamba mpishi ana haki ya bakuli moja, la kwanza, na haki hiyo ilikuwako kabla hajazaliwa yeye wala Bwana Nassor. Kwamba bakuli lile lilikuwa la kuliwa kwetu. Kwamba yeye na Bibi walishauriana, wakaona sisi tuna muhogo, na yuko asiye na hata muhogo.

"Bibi anajua?"

"Bibi yako ndiye aliyesema kwanza."

"Sasa kwa nini hukumwambia Bwana Nassor?"

"Nikisema, mimi sitakuwa mwizi tena, lakini Bi Rukia atakuwa ombaomba kwenye mlango wa ndugu yake, mbele ya watu. Jina langu mimi lina nguvu kidogo, litavumilia. Lake limebaki uzi."

Nikawaza. "Na ndimu?"

"Ndimu ni heshima yake. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Mtu akikurudishia chombo na kitu ndani, huyo hakupewa sadaka. Huyo amekula na jirani yake."

"Mimi nilimwambia alete mayai mawili."

"Najua. Aliniambia. Ni siku nyingi alikuwa hajacheka."

Baada ya hapo hakuna aliyemngoja Babu nje ya msikiti. Ikapita harusi, ikapita hitima, tukasikia harufu ya pilau za watu zikiungua. Wanaume walimpa salamu ya nusu mdomo. Yeye alikwenda vilevile, na kofia yake ileile, akasimama safu ya kwanza vilevile. Usiku, nikiwa nimelala, sikusikia akilalamika. Nilimsikia Bibi tu siku moja akisema, "Mume wangu, na wewe una jina," na yeye akajibu, "Ninalo, mke wangu. Ndiyo maana naweza kumkopesha mtu."

Kisimani watoto waliniita mjukuu wa mwizi. Mimi niliyekuwa nikiona wizi si kitu, sasa neno lilinichoma, kwa kuwa nilijua si kweli. Na jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, neno moja tu, jina la mwanamke mmoja. Nililishika mdomoni kama mtu aliyebeba yai kwa meno. Watu wananiuliza hapa London nilijifunza wapi kufanya biashara na watu wagumu. Nilijifunza pale kisimani, na ndoo kichwani.

Lakini kisima hakina siri, na Bi Rukia naye alikuwa akichota maji. Ijumaa moja alikuja kwetu kavaa buibui lake la kutokea. Hakukaa. Akamwambia Bibi, "Nipe lile bakuli." Akatoa ndimu ndani ya upindo wa kanga, akazitia, akatoka. Mimi nikamfuata. Hakupita migombani. Alipita barabara kuu, katikati, jua la mchana, watu ndiyo wanatoka msikitini, mpaka kwenye baraza ya Bwana Nassor iliyojaa wanaume wanakunywa kahawa. Na Babu alikuwa anapita, akasimama.

"Nassor," akasema Bi Rukia.

Vikombe vikatua. Miaka mingapi hakulitaja jina lile.

"Mpishi wako alichukua fungu lake akanipa mimi. Kila shughuli yako. Hitima ya mama nilikula. Alipotahiriwa mwanao nilikula. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme, na yeye hakusema hata ulipomwita mwizi. Kwa hivyo nimekula kwako, ndugu yangu, wala hukujua. Nimekuletea chombo, na sikuletei kitupu."

Akaweka bakuli miguuni pake. Wanaume wote walikuwa wanatazama ndani ya vikombe vyao, kama watu walioandikiwa kitu humo. Bwana Nassor alichukua ndimu moja akaishika, akaigeuza, akaigeuza. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo. "Kaa, Dada."

"Siku nyingine," akasema Bi Rukia. "Leo nimemwacha kuku peke yake."

Akaondoka kwa njia ileile aliyojia, na Babu akavua kofia yake alipompitia. Sijapata kumuona akimvulia mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi Bwana Nassor alikuja kwetu kwa miguu, hana lori, hana mtu nyuma yake. Bakuli kalibeba mwenyewe kwa mikono miwili, na ndani yake sukari mpaka juu. Akasimama kizingitini. Neno lililomtoka silo alilokuwa analitafuta. "Mzee," alisema, "Ijumaa ijayo nina hitima ya baba yetu."

 Mimi nilikuwa namsubiri Babu amtukane. Nilikuwa na tusi tayari, kama lake limepotea angelichukua langu.

"Kuni zimekauka?" Babu akamuuliza.

Bwana Nassor akafuta macho na mkono wa kanzu. "Zimekauka."

"Basi nitakuja."

Ndani Bibi akaita, "Na umwambie fungu lako la harusi bado hujalipata." Hapo wote watatu wakacheka, na mimi nikajua jina la babu yangu limerudi nyumbani.

Bi Rukia tangu siku hiyo alikula sinia moja na mke wa kaka yake, akiingilia mlango wa mbele. Mimi nikafurahi kwa sababu zangu. Nikasema sasa bakuli litakuja kwetu. Shughuli iliyofuata Babu akalijaza, akalifunika, akaniita. "Mke mdogo, shika. Pita mlango wa uani, kisha shika njia ya kisimani." Alikwishapata nyumba nyingine. Nikala muhogo mpaka nilipoolewa.

Aliishi sana babu yangu. Aliwapikia watu harusi, akawapikia wana wao, akawapikia na wajukuu. Alimzika Bibi na siku hiyo alipika mwenyewe, akasema hakuna mwingine anayejua chumvi yake. Alipofariki mimi nilikuwa hapa, mgeni, mashuka ya hospitali kifuani, karatasi zangu hazijakamilika. Sikwenda. Aliyenihadithia ni binamu yangu. Alisema hitima ilifanywa uani kwa Bwana Nassor, naye, mzee wa fimbo, aliwaondoa vijana kwenye mafiga, akashika mwiko. Mtu huyo hakuwahi kupika hata chai. Pilau ikatoka imelowana, ikawa kama bokoboko, na watu wakaila bila ya neno.

Lakini kabla ya kupakua alijaza bakuli hili, akalifunika, akauliza, "Mzee siku hizi alikuwa akimpelekea nani?"  Wa kuuliza majumbani waliuliza, watoto waliowahi kutumwa waliitwa. Aliyejua hakusema, na wengi hawakujua. Bwana Nassor akasimama na bakuli lake katikati ya ua, hajui ashike njia ipi. Mwisho akasema, "Basi leo liende kwake." Likapelekwa nyumbani kwetu, kwa nduguze na wajukuu waliokuwapo. Ndiyo mara ya kwanza fungu la mpishi kuliwa chini ya paa lile.

Mimi bakuli lilinifikia mwaka uliofuata, kwa mkono wa msafiri. Ndani yake mlikuwa na ndimu kavu.

Hadithi hii nilimpa mjukuu wangu juzi, nikiwa nachambua mchele, naye akiwa anatazama simu yake. Sikujua kama anasikia. Jana tulikuwa na harusi. Sufuria la kwanza lilipofunuliwa nikageuka kutafuta kitambaa, nikageuka tena, nikamkuta kashika bakuli langu, kalijaza, nyama juu, analifunika vizuri kama mtu anayefunika mtoto. Akaniuliza, kwa Kiswahili, kile chake kinachochechemea, "Bibi, nyumba ipi?"

Nikamwambia. Wewe sikwambii.